Kuanguka Si Kujilaza

Shadia hana kitako. Hili nalisema mbele yake na nyuma yake, kwa hiyo asiniambie mtu kuwa nasengenya. Duka la mama yake na langu yanagawana ukuta mmoja hapa Kasulu mjini. Wao wanauza khanga na vitenge, mimi nauza masufuria, na kupitia ukuta ule namsikia akitembea tangu anafungua mpaka anafunga. Chai anakunywa amesimama. Mteja akichelewa kuchagua, Shadia keshatoka barazani, keshavuka barabara, keshauliza bei ya kitu asichokihitaji, karudi. Mama yake, Mwajabu, ambaye kwangu ni mama mdogo kwa kuwa ndiye aliyemfuata marehemu mama yangu, amemwita kiguu na njia tangu yuko darasa la pili.

Mwaka 2012, akiwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa amemaliza mambo yote ya kumaliza hapa Kasulu. Kidato cha nne alimaliza, matokeo tusiyaseme. Kozi ya ushonaji aliiacha katikati. Uchumba ulikuwepo ukavunjika, na nani alimwacha mwenzake hilo nalo tusiliseme, maana kila upande una hadithi yake. Alikuwa amebaki na miguu yake tu, na mji wa kuuzunguka.

Ndipo akaja Marguerite. Huyu alikuwa mkimbizi wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu, mwanamke mpana wa mabega, aliyecheza judo kwao Uvira kabla vita havijamtoa. Kambini alikutana na Mbrazili mmoja aliyekuja kuchimba visima. Jioni Mbrazili yule akamfundisha jujitsu, mchezo unaofanana na judo lakini wenye mambo yake. Visima vilipokwisha Mbrazili akaondoka, Marguerite akabaki na ujuzi usio na mtu wa kukabana naye. Akaomba kibali cha kutoka kambini, akapata ghala tupu la mahindi pale Kasulu, akamwaga maranda ya mbao sakafuni, akatandika turubai juu yake, akatangaza kuwa anafundisha wanawake. Wiki ya kwanza alikwenda mtu mmoja. Sihitaji kusema ni nani.

Mchezo wenyewe nitaueleza mara moja tu, kwa sababu mimi nilielezwa mara nyingi mpaka nikachoka. Watu wawili wanakamatana, hakuna ngumi wala teke. Kila mmoja anataka kumfunga mwenzake mkono au kumbana shingo mpaka aombe, na kuomba kwenyewe ni kumgonga mwenzako kwa kiganja. Ukimwangusha mtu kutoka wima unapewa pointi mbili. Mpaka hapo hata bibi yangu angeelewa. Lakini katika mieleka yetu ya huku, mgongo ukigusa chini mambo yamekwisha, watu wanaingia uwanjani wanambeba aliyebaki juu. Katika jujitsu mgongo ukigusa chini ndiyo kwanza kumekucha. Na kuna zaidi: mtu anaruhusiwa kukaa chini mwenyewe, bila kuangushwa, akamvuta mwenzake juu yake, akamzuia kwa miguu, akapigana naye kutoka huko huko chini. Wanaita kuvuta gadi. Hakuna pointi kwa kuivuta. Ni njia tu ya kupeleka ugomvi mahali unapopajua.

Marguerite mwenyewe, kwa damu yake ya judo, alipenda kuangusha. Lakini alikuwa na macho. Alimtazama Shadia akisukumana na wasichana waliomzidi uzito, anakwenda mbele, anarudi nyuma, anazunguka, anaangushwa, anainuka, anaangushwa tena.

"Weye uko nasukumana na batu bakubwa juu ya nini?" akamuuliza. "Bon. Uko muepesi, lakini miguu yako iko mirefu. Kaa chini, umuvute afike kwako. Kule chini hakuna mukubwa."

Nilikuwepo siku hiyo, nimempelekea chakula. Shadia alikaa. Akamshika mwenzake kola na mkono wa nguo, akamvuta, akalala chali naye yuko kati ya miguu yake. Na hapo nikaona kitu nisichowahi kukiona tangu mtoto yule azaliwe. Alitulia. Mwenzake alihangaika juu yake, anapumua kama anapanda mlima, na Shadia alikuwa anamtazama tu, anangoja akosee. Alipokosea, miguu ile mirefu ikamfunga shingo pamoja na mkono mmoja, mwenzake akagonga. Nikarudi dukani na sufuria la wali sijaliacha, nimesahau kilichonipeleka.

Kwa hiyo kwa mwaka mzima na zaidi Shadia akawa mtu wa gadi. Mama mdogo alijua kuna mazoezi, alidhani ni ya kunyoosha viungo, ya kupunguza mwili, ingawa sijui Shadia angepunguza nini. Sikumwambia. Hakuniuliza.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 mteja mmoja akampelekea maneno, na mama mdogo hakusubiri kuletewa mara ya pili. Alifunga duka saa tisa, kitu asichofanya hata kwa msiba wa mbali, akaenda ghalani, akasimama mlangoni. Alichokiona ni binti yake wa pekee amelala chali, miguu juu, mtu kapiga magoti katikati. Kwamba huyo mtu alikuwa msichana, kwamba ghala zima halikuwa na mwanamume, kwamba Shadia alikuwa na suruali mpaka kisiginoni na mtandio umefungwa vizuri, hayo yote hayakumpunguzia kitu. Aliondoka pale pale. Nilipomwona akirudi, uso wake nikaujua, nikaanza kupanga masufuria yaliyokwisha kupangwa.

Jioni nilikwenda kwao kupoza moto. "Mama mdogo," nikamwambia, "mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Ainame," akasema. "Sikusikia methali iliyosema alale chali."

Shadia alikuwa anakwenda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi.

"Sikia, wewe," mama yake akamwambia. "Mimi nimezaliwa Buhigwe, mieleka nimeitazama toka sijajua kuvaa khanga. Kaka zangu walipigana. Walioangushwa niliwaona, na hakuna aliyewacheka, kwa sababu kuanguka ni mambo ya Mungu, hata mwenye nguvu huteleza. Lakini sijaona mtu anajilaza mwenyewe mbele ya adui. Mwanamume hafanyi. Sembuse mtoto wa kike, tena wa Kiislamu."

"Mama, ni mbinu."

"Mbinu ya nani? Mnasema mna mashindano Kibondo. Nitakuja nitazame kwa macho yangu. Ukiangushwa, sitakulaumu, nitakukanda kwa maji ya moto tutarudi nyumbani. Lakini nikiona umejilaza kwa kupenda kwako, mbele ya watu, basi. Ghalani hukanyagi tena, na mimi si mtu wa kusema mara mbili."

Kweli si mtu wa kusema mara mbili. Na Shadia si mtoto wa kumkaidi mama yake. Ni wa kumzunguka, ndiyo, lakini amri ikishatamkwa anaitii, na kutii huko kunamuuma mpaka kucha. Nilijua, naye alijua, kwamba ghala lile likifungwa kwake hakuna kingine. Angezunguka mji ule mpaka awe kizee.

Kuanzia siku ile akaacha gadi. Mashindano yalikuwa mwezi wa nane, na miezi yote iliyobaki akawa anafanya kuangusha tu. Alikamata miguu ya watu, viuno vya watu. Ghalani alipoishiwa na wa kumwangusha akaja kwangu. "Da Kudra, simama tu, usifanye chochote." Nikasimama, mtu mzima mimi, nyuma ya duka langu mwenyewe, nikajikuta juu ya magunia na rafu nzima ya vifuniko imenifuata. Hakuwa mzuri katika kuangusha. Alikuwa na haraka. Akikosa anarudia pale pale, akikosa anarudia, mpaka mwenzake anaikariri njia na kumngojea mwisho wake.

Marguerite aliposikia kuwa ni kwa ajili ya mama, alikasirika. "Mama yako njo atapigana?" akamuuliza. Shadia akamweleza yote. Marguerite akafunga mkanda wake upya ingawa haukufunguka. "Mi sina tena mama," akasema. "Kama ningekuwa naye, ningemusikia nusu. Nusu ingine ningejisikia mwenyewe. Lakini weye unajua."

Basi Agosti ikafika, barabara ya Kibondo vumbi tupu, tukaenda na gari la kukodi, mimi na mama mdogo nyuma. Shadia mbele aligusa kila kitu kinachoguswa: kioo, redio, mkanda, kioo tena. Dereva alimwambia mara mbili aache mlango.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa Kibondo hawakuwa wamewahi kuona jujitsu, lakini mtu akiambiwa kuna wanawake wanapigana mieleka bure, atakosaje? Tulipata nafasi mbele kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye turubai, mama mdogo katikati yangu na wanawake wawili wa sokoni tusiowajua. Mpinzani wa Shadia aliitwa Ntirampeba, msichana wa Kitahana, huko huko Kibondo, mkulima, mikono imekomaa kwa jembe. Hakuwa mrefu. Lakini alikanyaga chini kama aliyepandwa pale, na nilipomwona nikasema moyoni, leo.

Dakika tano walipewa. Shadia akaenda kumkamata mguu, akaukosa. Akaenda tena. Ntirampeba akamwangukia mgongoni kwa kifua chake chote, akambonyeza, Shadia akachomoka, akainuka, akaanza kuzunguka. Mama mdogo alinishika mkono. Mara ya tatu Shadia alipoingia, msichana yule alikuwa keshaijua njia. Akamkumbatia kiuno, akamwinua juu, akamtupa ubavuni. Pointi mbili. Ukumbi ulipiga mbinja. Shadia aliamka haraka kabla hajabanwa, unywele mmoja umetoka kwenye mtandio, anapumua vibaya.

"Kaangushwa," mama mdogo akasema, kwa sauti ya mtu anayejipa moyo. "Si kitu. Kaangushwa tu."

Wakarudi kusimama. Kwa upande wa pili nilimsikia Marguerite, hapigi kelele, anasema tu kama anayemsemesha mtoto mgonjwa: "Kaa, Shadia. Kaa."

Shadia alitazama tulipokuwa. Alimtazama mama yake, si mimi. Nilitamani dakika ziishe. Nilitamani taa zizime, paa lianguke, chochote. Kisha akamgeukia Ntirampeba, akamshika kola, akamshika mkono wa nguo, akaweka mguu mmoja nyongani mwake, na akakaa.

Lilifanyika upesi mno. Kwa asiyejua, yalionekana haya: msichana mkubwa kamsukuma mdogo, mdogo kaenda chini chali, mkubwa kamwangukia juu. Ukumbi mzima ukainuka. Vigelegele, makofi, watu wakaanza kuondoka kwenye viti vyao, kwa sababu katika mieleka wanayoijua wao mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini mwamuzi hakupuliza filimbi. Alisimama tu anatazama. Na Ntirampeba hakuinuka, alizidi kumlalia, na mtandio wa Shadia ukavuka kichwani, na mguu mmoja wa suruali ukapanda mpaka gotini.

Hapo ndipo mama mdogo alipofanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angekifanya. Mwenzetu akizimia sokoni, au uchungu wa uzazi ukimkuta njiani, hatuanzi na maji wala gari. Tunaanza na khanga. Tunamsitiri kwanza, mengine baadaye. Mama mdogo alivua khanga ya mabegani, akaruka kwenye turubai na viatu vyake, akawafunika wote wawili huku akisema, "Mwanangu, mwanangu, nipo." Kabla sijafumba mdomo wale wanawake wawili wa sokoni nao wakawa wamekwenda, bila kuulizana, wamefungua khanga zao, wamezishika huku na huku kama ukuta. Mwamuzi alijaribu kupita. Alifukuzwa. "Rudi huko, baba, huoni kuna mtu kaumia?"

Nilikuwa nimewakaribia, najaribu kumvuta mama mdogo, na kwa upenyo wa khanga nikaona kilichokuwa chini. Miguu ya Shadia ilikuwa imefunga shingo ya Ntirampeba, kisigino nyuma ya goti, kufuli kabisa. Uso wa msichana yule ulikuwa umebadilika rangi. Kiganja chake kilikuwa kinagonga, kinagonga tena, kwenye paja la Shadia, chini ya khanga, ambako mwamuzi hakuweza kukiona. Shadia aliposikia sauti ya mama yake juu ya kichwa chake, alifungua miguu.

Kanuni ni moja: mtu wako akiingia kwenye turubai, umeshindwa. Mwamuzi aliinua mkono wa Ntirampeba, naye bado anakohoa, anatazama chini. Hakusema kuwa aligonga. Nilimchukia wakati ule, na ninavyokwambia bado sijamaliza.

Tulitoka nje tukakaa kwenye ngazi za ukumbi, kungoja wenzetu wamalize. Mimi nilikaa, mama mdogo alikaa. Shadia alikwenda mpaka kwenye gari, akarudi, akaenda. Hakulia. Ningependa angelia.

Mama mdogo alikuwa na khanga yake mapajani, anaitafutia pindo. Mwishowe akasema, "Njoo hapa." Shadia akaja, akasimama mbele yake.

"Nataka unijibu kwa kweli. Ulianguka, au ulijilaza?"

Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini jibu lilikuwa rahisi, na lilikuwa limewekwa mkononi. Ukumbi mzima ulisema kaanguka. Mama mwenyewe aliamini kaanguka, ndiyo maana aliruka. Neno moja tu, na ghala la Marguerite lingebaki wazi, na kesho yake tungeendelea na maisha. Nilimkanyaga Shadia mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu.

Akauondoa mguu wake.

"Nilijilaza," akasema. "Yule hakuniangusha. Nilikaa mwenyewe, mama, nikamvuta, kwa sababu nilipokuwa nimesimama nilikuwa nashindwa."

Nilifumba macho. Ndani ya ukumbi watu walipiga makofi kwa pambano la wengine. Nilingoja ile "basi", na mama mdogo hakuisema. Nilipofumbua macho alikuwa anamtazama bintiye kana kwamba ameletewa mgeni.

"Nilipokuwa nainama kuwafunika," akasema polepole, "nilisikia mtu anasema ndekura. Ndekura, ndekura. Anaomba aachiliwe. Nikasema moyoni, huyo ni wangu, maana aliye chini ndiye aombaye. Sasa nimekaa hapa nawaza. Wewe Kiha umekijua lini?"

Shadia akageuka kutazama mlango wa ukumbi.

"Ni yeye aliyekuwa anaomba. Na aliyemwachilia ni mimi."

Akainuka. Nilidhani anakwenda kwenye gari. Alipanda zile ngazi, akaingia ukumbini, sisi nyuma yake tukimkimbilia, akapita kati ya watu mpaka ukingoni mwa turubai, na safari hii alivua viatu. Pambano lilikuwa limekwisha, mwamuzi anafuta jasho. Alipomwona alirudi nyuma hatua moja, maskini, na sikumlaumu. Akamwambia mama kuwa matokeo hayabadiliki, kanuni ni kanuni.

"Sikuja kubadili," mama mdogo akasema. "Nimekuja kusema."

Kisha akaugeukia ukumbi. Mama mdogo Mwajabu, ambaye akinunua samaki hufunika kikapu ili majirani wasijue atakula nini, alisema kwa Kiha, kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, ili asibaki mtu wa kusema hakusikia:

"Yule mtoto mwembamba wa Kasulu ni wangu. Mliona ameanguka. Hakuanguka. Alijilaza mwenyewe, kwa kupenda kwake, na alikuwa ameshinda. Aliyemshinda ni mimi."

Kwenye benchi la watu wa Kibondo, Ntirampeba aliinua uso kwa mara ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Nilimgeukia Shadia ili nimtafsirie, nikakuta mama yake keshamshika mkono, anamwambia hayo hayo kwa Kiswahili.